Nimtoe mtoto wodini nimpeleke kwenye maombi?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Baadhi zimetoka kwa wazazi wenyewe, nyingine kwa watu wa kanisani wanaotaka kusaidia na hawajui waanzie wapi. Kwa wasomaji wapya: mimi ni muuguzi mstaafu wa wodi ya watoto wachanga, na ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri huku Njombe. Najibu kama muuguzi na kama Mkristo kwa pamoja. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

SWALI: Bwana asifiwe Mama, na shikamoo. Nina miaka 23, huyu ni mtoto wangu wa kwanza. Nilijifungua mimba ikiwa na wiki 30, mtoto akawa na kilo 1.2. Hii ni wiki ya tatu tuko hospitali, anakula kwa mpira, na juzi mzani umesoma 1.3. Mama mkwe amekuja na wanamaombi wawili wa huduma anayosali. Wanasema mtoto kuzaliwa kabla ya wakati ni mlango uliofunguliwa na dhambi yangu, kwa kuwa nilipata mimba kabla ndoa haijabarikiwa, na kwamba kuendelea kukaa wodini ni kumtegemea mwanadamu. Wanataka nisaini kutoka kwa hiari, nimpeleke kwenye mkesha wa Ijumaa apakwe mafuta na anyweshwe maji ya maombezi. Mume wangu yuko kimya. Naogopa kumtoa, na naogopa kumkosea Mungu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nikitaka kuomba, siwezi. Maneno hayaji. (Mama wa Mbeya)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe nilishakujibu kwa simu, maana Ijumaa isingesubiri jarida lichapwe. Hapa naandika kwa ruhusa yako, kwa ajili ya wengine walioko pale ulipokuwa. Jibu ni lile lile: usimtoe.

Mtoto wa wiki 30 hajakamilisha mambo ambayo sisi wala hatuyawazi. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, kwa hiyo joto linamtoka haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza. Ubongo wake haujazoea kuamuru pumzi, ndiyo maana ghafla anasahau kupumua, midomo ikabadilika rangi, mpaka muuguzi amsugue mgongo au amguse wayo ndipo avute tena. Dawa anayopewa kwa ajili hiyo mara nyingi ni kafeini, ile ile iliyomo kwenye kahawa. Tena kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio ni kazi ambayo wengi wao wanaiweza kuanzia wiki ya 34 hivi, na ndiyo sababu wako ana mpira puani. Sasa mtoto huyo umtoe mpira, umfunge shali, umpeleke usiku mahali penye umati unaokohoa, halafu umnyweshe maji. Akipaliwa, yanaingia mapafuni. Hata maji yaliyoombewa.

Kuhusu dhambi, wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza swali lile lile la wageni wako: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? “Yesu akajibu, Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake, bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake” (Yohana 9:3). Shika hapo. Katika kazi yangu nimewapokea njiti wa wake wa wachungaji na njiti wa akina mama walioolewa kwa shela na pete mbele ya usharika mzima. Uchungu wa mapema huletwa na shinikizo la damu la ujauzito, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, mimba ya mapacha, chupa kupasuka mapema, mlango wa kizazi kulegea. Mara nyingi sana daktari anatafuta chanzo na hakioni. Mwaka 2020 watoto kama milioni 13.4 duniani walizaliwa njiti, karibu mmoja kati ya kila kumi. Anayesema kila mmoja wao ni adhabu amemfanya Baba yetu kuwa mwindaji wa vichanga, na mimi hilo silikubali.

Wanasema kukaa wodini ni kumtegemea mwanadamu. Waombe wafungue 2 Wafalme 4, habari ya mwana wa yule mama Mshunami. Elisha aliingia chumbani, akafunga mlango, akamwomba Bwana. Alipokwisha kuomba hakuondoka. Alipanda kitandani akajilaza juu ya mtoto, “mwili wake yule mtoto ukaanza kupata moto.” Aliomba, kisha akatoa joto la mwili wake mwenyewe, wala hakuona kwamba moja linalifuta jingine.

Na wewe unalifanya hilo kila siku, maana umeandika kwamba mmeanzishiwa kangaruu. Wasomaji ambao hawajaiona: mtoto anavuliwa nguo zote, anabaki na nepi, kofia na soksi. Anawekwa wima kifuani kwa mama, katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande mmoja ili pua iwe wazi, miguu imekunjwa kama ya chura. Kisha kitenge kinapita mgongoni mwake na kufungwa kwa nguvu, makali ya juu yakiishia chini ya sikio. Mama akivuta pumzi, kifua chake kinampandisha na kumshusha mtoto, na mwendo huo unamkumbusha mtoto kupumua. Zamani tulisubiri mtoto atulie kwanza kwenye mashine ya joto ndipo tumpe mama. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, uliwahusu watoto wenye kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara moja, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12. Waliosubiri, asilimia 15.7. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri mtoto njiti aanze kangaruu mapema iwezekanavyo, saa 8 mpaka 24 kwa siku. Mungu ametuwekea dawa kifuani mwako, halafu waje watu wakuambie uiache kwa jina lake?

Mama mkwe usigombane naye. Ameogopa, na hofu ya bibi kwa mjukuu ina nguvu ya kumpeleka mtu popote. Mpe kazi. Mwambie, “Mama, naomba umbebe kifuani nikaoge.” Muuguzi atamwelekeza. Bibi akishamsikia mjukuu anapumua juu ya ngozi yake, mazungumzo ya mkesha yanapungua yenyewe, nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Kusema na mama yake kwa maneno ni wajibu wa mumeo, si wako wewe uliyetoka kujifungua. Na ukitaka maombi, mwite mchungaji wenu aje wodini. Aombe ruhusa kwa muuguzi wa zamu, avue saa na pete, akunje mikono ya shati hadi kiwiko, anawe kwa sabuni, aombe kwa sauti ya chini. Mkono auweke begani kwako, siyo kichwani kwa mtoto. Maombi ya namna hiyo yanafika.

Kuhusu maneno kukosekana. Paulo anasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini “Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa” (Warumi 8:26). Kwa hiyo usijilazimishe sala ndefu. Chukua mstari mmoja, Zaburi 139:16: “Macho yako yaliniona kabla sijakamilika.” Wakati wa kulisha, ukiwa umeshika juu lile bomba la sindano na maziwa yanashuka taratibu kwa uzito wake, useme huo tu. Mililita chache zikiisha, umemaliza ibada.

Jambo moja zaidi la kiuguzi. Kama hulali hata mtoto akilala, unalia kutwa, au unawaza afadhali ufe, mwambie muuguzi leo. Huo ni ugonjwa unaowapata akina mama wengi wa njiti, una tiba, na hauna uhusiano wowote na uhaba wa imani.

SWALI: Mama shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda Makambako. Mke wangu yupo hospitali na mtoto wetu njiti, kilo 1.5. Wauguzi wameniambia na mimi naweza kumbeba kifuani, lakini wenzangu kijiweni wanacheka, na mzee mmoja kanisani amesema hiyo ni kazi ya mwanamke. Pia mke wangu ameajiriwa kampuni binafsi, likizo ya siku 84 inakwisha tukiwa bado wodini. Gharama zimenizidi. Kanisani kila mtu ananiuliza mama na mtoto wanaendeleaje, mimi hakuna anayeniuliza. Juzi nililia barabarani nikiwa naendesha.

JIBU: Marahaba kijana wangu. Wewe unaendeleaje? Nauliza kweli, niandikie tena.

Ukizidiwa na machozi barabarani, simamisha pikipiki kando mpaka yaishe. Mtoto anamhitaji baba mzima.

Mbebe mwanao. Kangaruu ilianza Bogotá, mji mkuu wa Colombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey Sanabria alipokuwa na hospitali iliyojaa, mashine za joto hazitoshi na watoto wanaambukizana. Alichotafuta ni kifua chenye joto, na kifua cha baba kina joto. Kabla hujaingia, oga, maana vumbi na moshi wa barabarani vinakaa kwenye ngozi na nywele. Vaa shati safi la vifungo mbele. Kama unavuta sigara, acha, au usimguse siku hiyo. Kama una mafua au upele, subiri upone. Ukikaa, kaa saa nzima au zaidi, kwa sababu kumtoa na kumrudisha kila dakika chache kunamchosha. Mkeo atumie saa hiyo kulala, si kufua.

Huyo mzee msomee Mathayo 2:14. Herode alipotaka kuua, Yusufu “akaondoka akamchukua mtoto na mama yake usiku, akaenda zake Misri.” Biblia haijatunza hata neno moja alilosema Yusufu. Imetunza kwamba alimchukua mtoto.

Kuhusu likizo, sheria za kazi zilirekebishwa mwaka 2025 ili mama aliyejifungua njiti aongezewe muda juu ya zile siku 84, ambazo kwa mapacha ni 100. Waliopaza sauti kwa miaka mingi ni pamoja na Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, na taasisi yake. Omba daktari barua yenye tarehe ya kujifungua na umri wa mimba siku ile, ipeleke kwa mwajiri kabla siku 84 hazijaisha, na ubaki na nakala. Kuhusu gharama, sera ni kwamba mtoto chini ya miaka 5 anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Ukikwama, usizunguke na madeni. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mweleze kipato chako jinsi kilivyo.

SWALI: Mpendwa mzee wa kanisa, mimi ni katibu wa umoja wa wanawake katika usharika mmoja mkoani Iringa. Familia mbili za kwetu zimepata njiti mwaka huu. Kwa ya kwanza tulikwenda kumi na wawili kuwatembelea mara tu waliporudi nyumbani, tukaimba, tukamshika mtoto kwa zamu. Siku chache baadaye alirudishwa hospitali na nimonia. Tangu hapo tunaogopa hata kuwapigia simu. Tufanye nini bila kuleta madhara?

JIBU: Mama katibu, asante kwa kuuliza. Mlikwenda kwa upendo, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika kikohozi kilitoka wapi. Lakini kumi na wawili ni wengi mno kwa mtoto wa namna hiyo. Kunyamaza nako kunaumiza: mama wa njiti ambaye simu yake haiiti anafikiri kanisa limemsahau, au linaamini yale ya mlango wa dhambi.

Mnakumbuka Yakobo 2:16, mtu anayemwambia mwenye uhitaji, “Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba,” asimpe kitu. Nikiusoma mstari huo nawaona watoto njiti, maana shida yao kubwa ni hizo mbili, joto na chakula. Basi anzieni hapo.

Chakula kwanza cha mama. Mama wa njiti anakamua maziwa mara nane au zaidi kwa saa 24, usiku ukiwemo, na wengi niliowaona wodini walikuwa wanashindia chai na andazi. Pangeni zamu. Mmoja apeleke asubuhi chupa ya uji mzito wa ulezi na maziwa, mwingine mchana ugali wa moto na maharage au dagaa na mboga. Chakula mkiache mapokezi au kwa ndugu mlangoni, si lazima mwingie. Siku mama hataki kuongea, asilazimishwe kutoa ushuhuda ili apate uji.

Halafu nauli. Familia ikiishi mbali na hospitali, fedha inayoisha kwanza ni ya usafiri, na baba anapokosa nauli mama anabaki peke yake siku nyingi. Tengeni fungu dogo la kudumu kwa ajili hiyo, likae kwa mweka hazina, litoke bila kikao. Mtumieni na vocha, simu yake ichajiwe. Kule nyumbani kuna watoto wengine wanaotakiwa kwenda shule, kuna mahindi yanayotaka palizi. Wanawake wanne wakiingia shambani kwake Jumamosi moja, mama yule atakaa wodini kwa utulivu zaidi kuliko mngemwimbia tenzi zote.

Vitenge viwili vikubwa laini, kofia ndogo za pamba, soksi. Hivyo pelekeni. Chupa za kunyonyeshea na maziwa ya kopo msipeleke kabisa, maana vinamvunja moyo mama anayehangaika kupata matone yake. Na mumwambie kila mtu: hakuna kumpiga mtoto picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Nimeshuhudia mama akiona mwanae mwenye mirija amesambazwa kwa watu asiowajua, chini yake wameandika “Mungu wangu”. Maziwa yalikata siku ile.

Wakisharudi nyumbani, aende mtu mmoja au wawili wasio na mafua, wanawe mikono, wasimbusu, wasimshike isipokuwa mama ameomba. Angalieni jiko. Katika nyumba zetu za huku nyanda za juu, Juni na Julai watu wote wanakaa jikoni kwenye moto, na moshi wa kuni unamchoma mtoto mapafu. Afadhali umoja wenu ununue gunia la mkaa mkavu na kuwasaidia kutengeneza jiko nje, kisha mama aendelee na kangaruu ndani ya blanketi chumbani, penye hewa safi. Mkaa nao usiwashwe chumba cha kulala, unaua. Na kila anayekwenda ajue ishara za kumkimbiza mtoto hospitali: amekataa kunyonya, amepoa au ana homa, anapumua kwa shida au kifua kinabonyea, rangi imekuwa ya bluu au ya njano hadi viganjani, anapata degedege. Hapo hamuanzi na maombi ya kufunga. Mnatafuta gari, na mnaomba ndani ya gari.

Tarehe 17 Novemba ni Siku ya Watoto Njiti Duniani. Mwombeni mchungaji Jumapili iliyo karibu nayo mzazi mmoja apewe dakika chache kanisani, akiwa tayari. Mtashangaa wangapi watasimama kusema na wao walizaliwa hivyo. Hata Mtume Paulo alijiita “mtu aliyezaliwa si kwa wakati wake” (1 Wakorintho 15:8).

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mama, mtoto wangu alizaliwa na gramu 800, akaishi siku mbili. Alifariki kabla padre hajafika kumbatiza. Wanawake wa ukoo walimzika alfajiri mimi nikiwa bado kitandani, bila sala, wakasema bado hajawa mtu wa kufanyiwa msiba. Kila mtu ananiambia utapata mwingine. Nataka kujua tu, mwanangu yuko wapi? Na je, ningeweza kumbatiza mwenyewe? (Songea)

JIBU: Milele amina, mwanangu. Pole sana. Alikuwa mtu. Alikuwa na uso, alikushika kidole, na alifariki akiwa mwanao.

Mimi si wa kanisa lako, lakini katekisimu yenu naijua mahali hapa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1261, inasema kuhusu watoto waliokufa bila ubatizo kwamba Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, anayetaka watu wote waokolewe, na inakumbusha jinsi Yesu alivyosema watoto waachwe waende kwake. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ilitoa waraka mzima kuhusu tumaini la wokovu wao. Mwendee padre wako, mwombe Misa kwa ajili ya familia yenu na sala kaburini. Hujachelewa. Mpe mwanao jina kama bado hana, litajwe kwenye Misa hiyo.

Mwana wa Daudi na Bathsheba alikufa siku ya saba, na Biblia haitupi hata jina lake. Daudi alikuwa amefunga na kulala chini kwa ajili yake. Alipofariki, mfalme hakusema nitapata mwingine, ingawa Sulemani alikuja baadaye. Alisema, “Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi” (2 Samweli 12:23). Wakikuambia tena maneno yale, una ruhusa ya kuwajibu kwa mstari huo, au ya kuondoka pale walipo.

Swali lako la pili. Ndiyo, penye hatari ya kifo mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa anaweza kubatiza, kwenu na kwetu. Naliandika kwa ajili ya wazazi walioko wodini leo, na wewe lisikuongezee uchungu. Muuguzi anaweza, mama anaweza. Kwa mtoto mdogo hivyo yanatosha matone ya maji yaliyochemshwa yakawa vuguvugu, yanadondoshwa kichwani huku ukisema, “Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu,” kisha anakaushwa mara moja asipoe. Baadaye parokia au usharika unapewa taarifa ili aandikwe kitabuni.

Huenda hakuna aliyekuambia kuhusu maziwa. Yanakuja hata mtoto akiwa hayupo, na inauma mwilini na moyoni. Vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa cha maji baridi, kamua kidogo tu pale yanapobana ili usizidi kuyaita, na unaweza kumeza paracetamol. Ukiona titi limekuwa jekundu na una homa, nenda kituo cha afya. Na msiba wako uufanye. Waite wanawake wawili watatu unaowaamini, kaeni, lieni, mtajeni kwa jina.

SWALI: Mama, mwanangu alizaliwa miezi miwili kabla ya siku zake. Sasa ana miezi mitano, lakini ndiyo kwanza anaanza kushika shingo. Jirani anasema amechelewa, tumpeleke kwa mtumishi akaombewe. Pia nataka kumpeleka kanisani kumshukuru Mungu, naogopa watu. (Mama wa Mafinga)

JIBU: Mwombeeni kwa kumshukuru Mungu, kwa sababu hesabu ya jirani imekosea. Toa ile miezi miwili: kwa ukuaji, huyo ni mtoto wa miezi mitatu, na wa miezi mitatu anayeanza kushika shingo yuko sawa. Endelea kuhesabu hivyo mpaka afike miaka miwili. Chanjo peke yake hufuata tarehe ya kuzaliwa halisi, kwa hiyo usizicheleweshe kwa kuwa alikuwa mdogo.

Kama alizaliwa chini ya kilo 1.5 au alikaa kwenye oksijeni, uliza kliniki kama macho yake yalipimwa. Kipimo hicho hufanyika wiki chache baada ya kuzaliwa, kutazama mishipa ya damu nyuma ya jicho, na wengi hukikosa wanapohama hospitali. Miezi mitano ikiwa imepita, omba rufaa ya daktari wa macho wiki hii, usingoje ushukuru kwanza.

Kanisani nenda ibada ya kwanza, ile yenye watu wachache. Kaa karibu na mlango au dirisha, mtoto akiwa kifuani kwako ndani ya kitenge. Sadaka ya shukrani itoe ukiwa umembeba hivyo hivyo. Watakaotaka kumpokea mikononi waambie daktari amekataa, nami nimekataa pamoja naye.